Safu Yangu Haina Kikomo

Jumatatu, 3 Machi

Siku imeanza vizuri. Msimamizi mkuu wa karakana yetu anastaafu! Si kwamba simpendi mzee wa watu. Nampenda. Lakini nafasi yake naipenda zaidi, na nimeingoja miaka tisa nikiwa naibu.

Mkurugenzi alituita ofisini mimi na mtunza stoo. Mtunza stoo tunamwita Bwana Kufuli, kwa sababu hata kopo la misumari analifungia. Mkurugenzi akasema tunatengeneza viti vya magurudumu, na mtu akileta kiti chake kibovu hapa anasubiri siku arobaini na moja. Siku arobaini na moja mtu hatoki nyumbani kwake! Akasema atatuangalia mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14, halafu atatangaza msimamizi mpya. Anachotaka ni kimoja tu: foleni ipungue.

Bwana Kufuli akakuna kichwa. Mimi nikatabasamu. Maskini, hajui! Jumamosi nilikuwa semina, siku nzima, chakula juu yao, na nimerudi na silaha inaitwa Kanban. Ubao na kadi, basi. Kila kiti kina kadi yake, na kadi inatembea ubaoni kadiri kiti kinavyotembea karakanani. Ukitupa jicho ubaoni unajua nani anachapa kazi na nani anawachelewesha wenzake. Hasa nani anawachelewesha wenzake. Na huyo namjua, ana funguo kiunoni.

Jumanne, 4 Machi

Ubao umepanda ukutani. Umekaa upogo kidogo, lakini umekaa. Safu sita: Vinavyosubiri, Stoo, Kuchomelea, Kushona, Ukaguzi, Tayari. Stoo inatoa vipuri. Fundi Cheche anachomelea fremu. Dada Uzi anashona vikalio na migongo ya viti. Mimi nakagua na kusaini, kisha kiti kinakwenda kwa mwenyewe.

Nikawaeleza siri ya Kanban, yaani kikomo. Kila safu kadi tatu tu. Safu ya mbele ikijaa, wa nyuma asimame, asimrundikie mwenzake. Tena asikae bure, aende akamsaidie aliyejaa. Mkufunzi wa semina alisema hapo ndipo penye roho ya jambo zima. Nililisema kwa sauti ya mkufunzi, na mkono mmoja mfukoni kama yeye.

Dada Uzi, ambaye si msemaji, akauliza mbona juu ya safu ya Ukaguzi sijaandika tatu. Nikamjibu kwa upole kwamba kikomo ni cha mafundi. Ukaguzi ni uongozi, na uongozi hauwekewi kikomo. Akasema, "Haya, kaka," akarudi kwenye cherehani yake. Nilipenda alivyoelewa haraka.

Maelezo yalichukua saa mbili na nusu, na maswali saa moja. Leo hakikutoka kiti hata kimoja. Lakini msingi umewekwa!

Alhamisi, 6 Machi

Semina ilisema adui ni upotevu: kungojangoja, kutembea bure, kurudia kazi. Basi leo nimewinda upotevu. Nilimfuata Fundi Cheche nyuma nyuma na daftari, nikihesabu hatua zake. Kutoka mashine ya kuchomelea hadi dirisha la stoo, hatua themanini na sita. Kwenda na kurudi mara kumi na moja kabla ya chakula cha mchana! Alipogeuka mara ya tano akaniuliza kama nina ugomvi na yeye au na ukoo wake. Nikamwambia hii ni sayansi. Akasema sayansi ikae mbali, ameshika moto.

Akifika dirishani, anasimama. Bwana Kufuli anataka fomu tatu kwa beringi moja, na ya tatu ipigwe mhuri na yeye mwenyewe, na mhuri ameufungia. Safu ya Stoo imejaa pomoni tangu jana. Kwa bahati nzuri, safu hiyo iko upande wa mlango. (Bahati yenyewe niliipanga mimi.) Mkurugenzi akaingia, akaiona kabla ya kitu kingine chochote. Akamtazama Bwana Kufuli muda mrefu.

Roho yangu ikasuuzika. Nilirudi nyumbani napiga mluzi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimezidiwa kete!

Bwana Kufuli amekuja saa moja asubuhi na funguo zake zote, akafungua stoo, akaiacha wazi. Akabeba beringi, spoku, nati na mipira ya breki, akavipanga kwenye visanduku pembeni ya Fundi Cheche. Chini ya kila kisanduku kuna kadi. Vipuri vikipungua kadi inaonekana, Fundi anaitundika kwenye msumari, Bwana Kufuli anapita, anaiona, anajaza. Hakuna fomu. Hakuna dirisha. Hatua themanini na sita zimekuwa mbili.

Nikaenda kumlalamikia Mkurugenzi kwamba nimeibiwa mbinu. Akaniuliza, si ndicho ulichokuwa unataka? Nikasema ndiyo, lakini nilitaka kiwe changu.

Mchana alikuja Mwalimu. Alistaafu zamani, ila bado anaitwa Mwalimu na bado anatuangalia kama watu wasiofanya kazi ya nyumbani. Alikuja mgongoni kwa mpwa wake, jitu la miraba minne. Kiti chake kiko kwetu tangu Januari, kadi namba 22. Binti yake anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 15, naye anataka kuingia ukumbini akijiendesha mwenyewe, binti kamshika bega. Akaniambia, "Mwanangu, sitaki kuingizwa kama gunia mbele ya wakwe."

Nikaweka mkono kifuani. Nikamwahidi kwamba kiti kitakuwa tayari. Niliahidi kwa moyo wangu wote, na mpwa wake akanishukuru kabla ya kumbeba tena na kutoka.

Jumapili, 9 Machi

Nimeleta Kanban nyumbani. Ubao mdogo, mlangoni pa jiko. Nikamweleza mke wangu kwamba kuanzia leo maombi yake kwangu yasizidi matatu kwa wakati mmoja. Akafikiri kidogo. Akauliza na ya zamani yanahesabika? Nikasema yote yanahesabika.

Akaandika kadi tatu. Kitasa cha mlango wa bafu. Bomba linalovuja. Kumpigia simu mama yake. Kwenye kadi ya kitasa akaongeza tarehe aliyoniomba mara ya kwanza. Ni ya mwaka juzi. Sikuipenda hiyo tarehe.

Jioni kadi zote tatu zilikuwa bado ziko kwangu, maana siku nzima nilikuwa naunyoosha ubao. Lakini la nne hakuweza kuniomba! Mbinu inafanya kazi. Alipopita na sufuria akasema, "Baba watoto, unajua kwamba huu ubao unakusema?" Nikamwambia najua, na unanisema vizuri.

Jumatatu, 10 Machi

Safu yangu ina kadi kumi na nne!

Stoo ina moja. Kuchomelea mbili. Kushona moja. Ukaguzi kumi na nne! Wiki iliyopita tulianza na sita tu. Zimefika mwisho wa ubao, nyingine nimezibandika ukutani. Asiyeona leo kwamba karakana hii naibeba mimi hataona tena maishani mwake. Nikamwomba Fundi Cheche anipige picha mbele ya safu yangu, nimekunja mikono kifuani. Akanipiga. Akauliza kama nina hakika nataka picha hiyo ibaki.

Wenzangu wanadhani ukaguzi ni lelemama. Fomu yangu ina maswali sitini na manne. Nakaa kwenye kila kiti. Nazunguka nacho karakana mara mbili. Nafunga breki, nafungua breki, nasikiliza. Kisha naandika rasimu, halafu nakala safi, kwa kalamu ya kijani. Nikijitahidi sana, viti viwili kwa siku. Leo hata kimoja, kwa sababu nilikuwa nachora chati ya kuonyesha jinsi ubao unavyotusaidia.

Tatizo dogo: viti vimejaa mpaka mezani kwangu. Ili nifike kwenye stuli yangu ilibidi nipande juu ya vitatu, na cha nne kikaondoka na mimi hadi kwenye ndoo ya rangi. Suruali yangu sasa ina mguu mmoja wa bluu. Breki za kiti hicho nimeziandikia alama ndogo.

Jumanne, 11 Machi

Mkurugenzi alikuja kutazama ubao. Niliisubiri siku hii! Nikamsogeza mbele ya safu yangu, nikasimama kando asije akaikosa. Akaniuliza naona nini hapo. Nikasema naona mchapakazi.

Akamuuliza Fundi Cheche anaona nini. Fundi akatazama dari. Akamuuliza Dada Uzi. Dada Uzi akasema taratibu kwamba yeye anaona viti kumi na vitano vilivyokwisha kutengenezwa, na watu kumi na watano walioketi majumbani wakingoja saini. Bwana Kufuli akakohoa. Kile hakikuwa kikohozi.

Mkurugenzi akachukua kalamu, akaandika tatu juu ya safu yangu. Kikomo ni cha wote. Na mpaka safu yangu ishuke hadi tatu, hakuna fundi atakayeanza kiti kipya. Nikamwambia semina haikusema hivyo. Akasema imesema hivyo hivyo, amesoma karatasi zake, nilizisahau mezani kwake.

Nimeumia. Siwezi kuficha humu ndani, nimeumia sana. Nilikula chakula changu peke yangu nyuma ya mitungi ya gesi.

Jumatano, 12 Machi

Karakana kimya kama nyumba yenye mgonjwa. Mashine zimezimwa. Fundi Cheche amenyoosha miguu. Wote wananitazama mimi, na wanafanya hivyo kwa kufuata maelezo yangu mwenyewe!

Dada Uzi akaja mezani. Akanikumbusha nilivyosema kwamba aliyesimama humsaidia aliyejaa. Akaomba niwape fomu, wagawane viti, kwa sababu yeye ameshona migongo ya viti hivi miaka saba na breki mbovu anaijua kwa mlio. Nikamwambia dada yangu, ukaguzi si kushona kifungo. Akaniangalia. Hakujibu kitu, akarudi akaketi. Ningependa zaidi kama angenijibu.

Nikakagua viti viwili huku macho yote yakinisindikiza. Nakala safi nikairudia mara nne.

Halafu namba 22, kiti cha Mwalimu. Kizuri! Ukikisukuma kwa kidole kinakwenda chenyewe. Lakini kibandiko cha namba kimekaa upande. Swali la hamsini na nane linauliza kama kibandiko kimenyooka. Hakijanyooka! Nikakirudisha kwa Fundi Cheche, kadi yake nikaiacha kwenye safu yangu. Akaniuliza, "Bosi, Mwalimu anakalia kiti au anakalia kibandiko?" Nikasema mimi sikuyatunga maswali haya. Nilipokwisha kusema nikakumbuka kwamba niliyatunga mimi.

Zimebaki siku tatu kabla ya harusi, mbili kabla ya uamuzi. Bado nina matumaini makubwa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimegundua chanzo cha matatizo yote. Ubao ni mdogo! Safu yangu imebanwa. Kukiwa na nafasi ya kutosha, kadi kumi na tatu hazionekani nyingi hata kidogo. Nikamwomba Mkurugenzi ruhusa ya kwenda kutafuta ubao mkubwa. Akanipa upesi ajabu. Akaniambia nisiwe na haraka.

Maduka sita ya vifaa vya ofisi. La sita walikuwa nao. Nikarudi saa tisa na nusu, ubao kichwani, upepo ukinipeleka unakotaka wenyewe. Nikaingia karakanani. Tupu! Hakuna kiti hata kimoja. Nikapiga kelele kwamba tumeibiwa. Bwana Kufuli akanishika bega, akaniketisha, akaniletea maji.

Hatukuibiwa. Mkurugenzi alimpa Dada Uzi fomu yangu. Dada Uzi akayapunguza maswali sitini na manne yakabaki kumi na mawili, yale yanayohusu kama mtu ataanguka au hataanguka. Wakakagua wawili wawili, na hakuna aliyekagua kazi ya mkono wake. Viti viwili walivikuta na breki zilizolegea, wakazikaza papo hapo. Kimoja nilikuwa nimeshakizungusha mara mbili na kukisifu. Kadi zote kumi na tatu ziko kwenye safu ya Tayari, na gari limekwisha kupeleka viti tisa.

Nikakaa juu ya ubao mpya nikatafakari. Siku ambayo sikuwepo, kazi imekwenda mara sita zaidi kuliko nikiwepo. Maana yake nini? Nimelipindua kila upande na maana ni moja tu: mfumo wangu umekamilika kiasi kwamba unajiendesha. Ni viongozi wachache wanaofikia hapo! Nikampigia mke wangu simu kumpa habari. Akanipongeza. Akauliza kama naweza kuondoka nyumbani pia siku moja, tuone kama kitasa kitajitengeneza.

Jumamosi, 15 Machi

Jana sikuandika. Jana Mkurugenzi alitangaza.

Nilivaa koti. Bwana Kufuli naye alivaa koti. Tukasimama bega kwa bega tukijifanya kila mmoja hamwoni mwenzake. Mkurugenzi akasema jina la msimamizi mpya: Dada Uzi. Nilidhani anamwita aje amsaidie kitu. Mpaka watu walipopiga makofi ndipo nikaelewa. Miaka tisa! Bwana Kufuli akanishika mkono na mimi nikamwachia aushike. Baadaye nikalia kidogo chooni. Daftari hili ni langu, naandika ukweli.

Amri ya kwanza ya Dada Uzi ilinihusu mimi. Kiti cha Mwalimu asikipeleke mtu mwingine, nikipeleke mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeahidi. Nilitafuta kejeli katika sauti yake na sikuipata.

Basi leo asubuhi nimekipeleka. Mwalimu akakaa, akashika magurudumu, akaenda mpaka ukutani na kurudi. Akaniambia nibaki, niingie ukumbini na ndugu zake. Saa nane milango ikafunguliwa. Akaingia akijisukuma mwenyewe, shingo juu, binti yake kamshika bega, na ukumbi mzima ukasimama. Magurudumu hayakutoa mlio. Mpwa wake alikuwa nyuma, mikono mitupu, hajui aiweke wapi, analia kama mtoto. Na mimi nikalia, safari hii mbele za watu. Sijawahi kuwa na furaha kiasi kile tangu nianze kazi. Sikumbuki hata kama niliwaza nafasi ya usimamizi.

Kibandiko cha namba kilikuwa bado kimekaa upande. Nilivumilia mpaka walipokata keki. Ndipo nikainama nikakinyoosha.

Jumatatu, 17 Machi

Dada Uzi amepiga hesabu. Atakayeleta kiti leo atasubiri siku kumi na mbili, si arobaini na moja tena. Karakana yote ina uso mkunjufu. Hata Bwana Kufuli anaimba akijaza visanduku vyake, na anaimba vibaya.

Nikampongeza msimamizi wangu mpya kwa moyo mweupe. Nikamwambia nimejifunza mengi katika wiki hizi mbili. Akafurahi, akasema alijua nitaelewa. Kisha akaondoka na Mkurugenzi kwenda kikaoni, watarudi kesho.

Nikabaki nautazama ubao. Kadi zinapita kwenye Ukaguzi bila kutua. Hili halikunipa amani. Viti vinakaguliwa, sawa, lakini wanaovikagua wanakaguliwa na nani? Hakuna! Hatari kubwa, na katika karakana nzima nimeiona mimi peke yangu. Sikutaka kumsumbua Dada Uzi huko kikaoni kwa jambo dogo. Nikachora safu mpya, nyembamba tu, kati ya Ukaguzi na Tayari: Ukaguzi wa Ukaguzi. Fomu yake ina maswali mia moja na ishirini. Mwenye kusaini ni mmoja. Kikomo sijaandika, maana hii si kazi ya fundi.

Kufikia saa nane mchana nilikuwa na kadi tisa. Tisa kwa nusu siku! Mara ya kwanza ilinichukua wiki nzima kufika kumi na nne. Kwa mwendo huu, Dada Uzi akirudi kesho atashangaa mwenyewe.